Heka kwa Sauti ya Gwaride

Injini ya basi la Gulu ilikuwa inanguruma, mizigo imeshapanda juu, na mtoto Joska bado alikuwa mgongoni kwa Emérence. Bibi aliyekuja kumchukua, mzee Lamwaka, alisimama kando na kapu lake, akisomeshwa maneno ya mtoto.

“Akisema lolo, ni maziwa, mama. Dodo, anataka kulala. Hayo ni ya kwetu Kongo, tulichukua kwa masista. Heka ni Kinande: nibebe mgongoni. Cham...”

“Cham ni yetu Waacholi,” Lamwaka akamkatiza. “Kula. Hiyo mimi najua mbele yako.”

“Pole, mama.”

“Na Kiswahili najua. Bwana yangu alikuwa jeshi. Simama. Geuka nyuma. Fagia hapa.”

Emérence akacheka mpaka mtoto akatikisika mgongoni.

Kazi yake ilikuwa kutwanga sombe pale mjini, sokoni Kalerwe, yale majani ya muhogo yanayopondwa mpaka yalainike kabisa. Joska, mtoto wa jirani yake Aloyo, askari polisi, alikulia kando ya kinu. Mama akienda lindo, mtoto alilazwa kwenye kitenge, na mchi ndio uliokuwa wimbo wake: du, du, du, macho yanafumba. Maneno aliyaokota kama kuku, moja hapa, moja pale.

Sasa Aloyo alikuwa ameingia kozi ya kupandishwa cheo, na huko watoto hawaruhusiwi. Emérence angemchukua Joska usiku na mchana, ila yeye mwenyewe alilala kwa kaka yake Katembo mwenye familia, chumba kimoja, wamepangana kama dagaa wa sambaza kwenye sahani. Ndipo akaitwa Lamwaka, mama yake Aloyo, ambaye vita vya kaskazini vilipotulia alitoka kambi ya waliokimbia mapigano akarudi shambani kwake. Mtoto akimkataa bibi, Aloyo ataacha kozi. Basi. Na moyo wa Emérence ulikuwa vipande viwili: kimoja kilimwombea Aloyo, kingine kilitamani Joska akatae, alie, warudi wote Kalerwe.

“Mama wa sombe,” akaita Obwona, konda, “unasafiri ama unaaga? Basi si kanisa.”

Emérence akafungua kitenge. Joska akakataa kweli. Aling'ang'ania blauzi ya Emérence kwa ngumi zote mbili akapiga ukelele. Lamwaka akanyoosha mikono, akambembeleza kwa Kiacholi laini kama siagi, kilio kikazidi. Obwona akagonga ubavu wa basi. Lile alilolitamani Emérence lilikuwa limefika, na halikumpa raha hata kidogo. Alimwona bibi akirudisha mikono yake mitupu, akijifanya anapanga kapu.

“Mama,” akasema. “Mpe mgongo. Mwambie heka.”

Lamwaka akavuta pumzi. Kiswahili chake chote alikisikia penye uwanja wa gwaride, miaka ya mumewe, na hakuwahi kuambiwa kuwa kinaweza kusemwa polepole. Akakaza kifua. Visigino vikakutana.

“Joska! Heka!”

Akageuka nyuma kama askari, akainama.

Abiria wakachungulia madirishani. Joska akakatiza kilio. Akautazama ule mgongo, midomo bado inatetemeka, kisha meno yake machache yakatokea.

“Dodo!” bibi akaamuru, bila kugeuka. “Lolo!”

Mtoto akacheka kicheko cha tumboni.

“Ndiyo, afande,” akajibu Obwona, na abiria wakaangua vicheko.

“Heka,” akasema Joska, akinyoosha mikono.

Emérence mwenyewe ndiye aliyempandisha, akamfunga kwa kitenge chake chenye madoa ya sombe, akakiacha kiende.

“Hasinzii bila mchi, mama.”

“Sisi tunatwanga simsim, ufuta,” akasema Lamwaka. “Mchi uko.”

Basi likaondoka. Aloyo alimaliza kozi, akapata cheo, akapangiwa Bukoto. Joska alikuja mjini kusoma na kurudi kwa bibi kila likizo. Katembo alirudi kwao Butembo, Kongo, na watu wake, chumba kikabaki cha Emérence peke yake. Obwona aliacha basi, anauza vipuri Nateete. Lamwaka alifariki nyumbani kwake, si kambini. Emérence bado anatwanga Kalerwe, bega humuuma wakati wa mvua. Na kwenye boma lake Lamwaka, karibu na Gulu, ambako hakuna anayejua Kinande, mama akitaka kumbeba mtoto hukaza kifua, hugeuka nyuma, huamuru “heka”, na mtoto hupanda akicheka.