Damu Nyeupe ya Bi Mkubwa

Kisu nilishakinoa. Bi Mkubwa, kuku mwekundu wa mke wangu, alikuwa na wiki ya tatu bila yai bandani, na mimi sifugi mapambo.

"Anataga huyu," mke wangu alisema, kamkumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Anatagia wapi, mama watoto? Mawinguni?"

"Sijui. Lakini namjua."

Binti yetu, anayefanya kazi maabara ya mifugo, alikuwa likizo nyumbani. Akasema tumemchosha, atapima damu. Alitoa kidogo chini ya bawa la jogoo, la kuku mweupe anayetaga kila siku, na la Bi Mkubwa. Akasimamisha vichupa vitatu dirishani jikoni ili damu igande, akaniambia, "Usichinje mpaka nikuambie, baba." Kisha akaenda kuoga.

Baada ya muda nilichungulia. Damu ilikuwa imeganda chini, maji yake yamepanda juu. Ya jogoo yalikuwa maangavu, ya manjano kidogo. Ya Bi Mkubwa yalikuwa meupe, mazito, kama maziwa. Na ya yule kuku mweupe vilevile!

Nikapiga kelele. "Njooni! Damu imeoza! Ameshamwambukiza mwenzake. Nachinja wote, abaki jogoo!"

Binti akatoka mbio, povu la sabuni shingoni. Alipoviona vichupa akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba, weka kisu chini. Huo weupe ni mafuta na protini za kiini cha yai. Kuku akiwa anataga, mwili wake unatoa homoni ya kike. Homoni inaliamuru ini litengeneze vitu vya kiini, na vinasafiri ndani ya damu kwenda kwenye yai. Hata madini ya ganda yanaongezeka humohumo."

"Na jogoo?"

"Jogoo ukimdunga homoni hiyo, damu yake nayo inageuka nyeupe. Ila yai usimdai."

"Kwa hiyo huyu..."

"Anataga. Angekuwa ameacha, maji yake yangekuwa kama ya jogoo."

Mke wangu alininyooshea kidole kuelekea uani. Tumeishi pamoja miaka ishirini na sita. Kidole chake nakijua, kina makelele. Nikapiga magoti, nikaanza kutafuta uani kama mtu aliyepoteza jino. Nyuma ya pipa la maji, chini ya mabati yaliyobaki tulipoezeka, mkono wangu ukagusa kitu laini chenye joto. Mayai kumi na moja. Bi Mkubwa akaja mbio akanidonoa sikio.

Mke wangu alikaa chini kabisa, anacheka huku anafuta machozi.

"Omba radhi," akasema.

"Nisamehe, mke wangu."

"Mimi umenikosea nini? Mwombe Bi Mkubwa mwenyewe."

Nikamwomba. Kwa sauti, binti yangu akisikia.