Magodoro Arobaini na Hakuna pa Kukaa

Duka letu lina magodoro arobaini, na mfanyakazi haruhusiwi kukaa hata kwenye ukingo wa godoro moja. Sheria ya Bosi hiyo. Mteja akiingia amkute muuzaji amesimama wima, mikono mbele, tabasamu usoni, kuanzia asubuhi hadi jioni. Eti ukikaa, mteja ataona biashara imelala. Sasa biashara ya magodoro ikilala, ubaya uko wapi?

Mimi nilikuwa nasimama kwa niaba ya watu wawili. Mimba ilikuwa imefikisha miezi saba na Bosi hajui. Nilikuwa nimeomba koti la duka la saizi kubwa kuliko zote, nikasingizia joto. Akanitazama kama nimemwomba figo, lakini akanipa. Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu, na wangu ulikuwa unaisha Ijumaa. Msichana aliyekuwa hapa kabla yangu alijitangaza mjamzito akitegemea pongezi. Siku ya mkataba ilipofika, Bosi akamwambia umekwisha, kila la heri. Kwa hiyo mimi nilitaka sahihi kwanza, tumbo baadaye. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na mama, na mama haoni vizuri siku hizi. Mshahara huu, pamoja na udogo wake unaotia aibu, ndio unaotuweka ndani ya chumba chetu.

Shangazi alikuwa anajua. Ndivyo tunavyomwita muuzaji mwenzangu, yuko hapa mwaka wa tisa na mishipa ya miguu imemvimba kama kamba. "Mwanangu, jikaze mpaka Ijumaa," alikuwa ananiambia kila asubuhi, utadhani Ijumaa iko kona ya pili.

Jumatano wakaingia mume na mke. Mume mtu wa maswali. Hili lina springi au sifongo? Springi ngapi? Nani amezihesabu? Akabonyeza kwa kidole, akabonyeza kwa ngumi, akanusa. Nikamkaribisha alale ajaribu, maana mteja yeye anaruhusiwa. Akasema halali mchana. Nikamgeukia mke. Mke akajifunika vizuri mtandio wake.

"Mimi nilale mbele za watu? Una wazimu?"

"Basi lala wewe," mume akaniambia.

"Mimi?"

"Si unasema ni zuri? Umbo lako na la mke wangu ni moja. Lala niangalie linavyobonyea."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia sheria ya duka hairuhusu, na hapo nikajiponza, maana Bosi alisikia neno sheria akatoka ofisini akipangusa miwani. Shangazi akajitosa: "Bosi, acha nilale mimi." Mume akamtazama kutoka utosini hadi miguuni, akasema huyo mwembamba mno, godoro halitajua kama kuna mtu.

"Lala," Bosi akaniambia. "Mteja anasubiri."

Miezi yote ile nilitamani kulala humo dukani, na siku niliyoamriwa nilitaka kulia. Nikapanda. Nikajilaza ubavu, mume akakataa, anataka chali. Nikalala chali. Na tumbo nililolificha kwa koti, kwa kitabu cha risiti nilichokumbatia kutwa, kwa kujipenyeza nyuma ya rundo la mito kila Bosi akipita, likainuka katikati ya duka, kila mtu akaliona.

Mke ndiye aliyesema kwanza. "Jamani! Wa miezi mingapi, mdogo wangu?"

Bosi naye alikuwa anasubiri jibu. Ningesema nini, nimeshiba? Nikasema saba. Na kwa kuwa nilijua kazi imeshaota mbawa, nikaropoka na mengine: kwamba mgongo haujaacha kuniuma tangu mwezi wa nne, kwamba hapa nilipo umenyamaza, na kwamba anayetaka kunitoa alete winchi. Ilikuwa hasira tupu, sikuwa nauza chochote. Lakini mke akavua kandambili, akapanda upande wa pili, akajilaza kando yangu na mtandio wake, akafumba macho.

"Chukua hili," akamwambia mumewe. "Na lingine la mama yangu."

Nje, wapita njia walikuwa wameanza kusimama na kuchungulia kupitia kioo. Wawili wakaingia kuuliza bei.

Bosi aliwasindikiza wateja wake hadi mlangoni, akarudi uso unang'aa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua vifungo nimrudishie koti lake.

"Acha koti," akasema. "Godoro hili tunalisogeza dirishani. Kuanzia kesho utalala hapo, chali hivyohivyo, watu wakuone. Ijumaa natia sahihi."

Shangazi akapiga makofi kwa furaha. Mimi nilikuwa na swali.

"Na nikishajifungua, Bosi?"

Akanishangaa kwelikweli, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Ukishajifungua tumbo litakuwa halipo. Nikulaze kwa faida gani?"

Nilimtukana, kimoyomoyo, matusi ambayo mtoto hakustahili kuyasikia kutoka kwa mama yake. Alhamisi asubuhi nilifika mapema, nikavua viatu, nikapanda dirishani.