Mlango wa Moyo

Moyo wenyewe ulikuwa wa chaki, umechorwa sakafuni toka ubaoni hadi mlangoni, madawati yote yakiwa yamebanwa ukutani kama abiria waliokosa nafasi.

Mwalimu wa Biolojia aligawa sehemu za kuigiza. Tembo, rafiki yangu mwenye kifua cha pipa, akawa mapafu. Wengine wakawa damu: wanakwenda kwa Tembo na karatasi za buluu, wanatoka na nyekundu. Mimi, mchekeshaji wa darasa, nilitarajia angalau ubongo.

"Wewe vali," mwalimu akasema. "Mlango wa moyo. Damu ikishapita, usiiruhusu kurudi."

"Mlango tu, mwalimu? Sina hata neno la kusema?"

"Umeshasema ya mwaka mzima."

Darasa likaangua kicheko. Nikasimama upande wa mlango wa darasa, nimenuna, mdomo wa kutundikia ndoo.

Tembo akapuliza, damu ikatimka. Na hapo, huku nikiinua na kushusha mkono, kitu nilichokinakili mara nyingi bila kukielewa kikaanza kunipita mbele ya macho, kikihema na kukanyagana. Kumbe ndivyo! Kinyongo kikaniyeyuka.

Ghafla Mwalimu Mkuu akaingia, akapita chini ya mkono wangu hadi katikati ya moyo. Damu yote ikasimama.

"Nilionya kuhusu kelele," akamwambia mwalimu wetu. "Maigizo basi. Kesho warudi kunakili ubaoni."

Akageuka kuondoka. Mkono wangu ukashuka wenyewe.

"Samahani, Mwalimu. Hapa hupiti."

"Unasemaje?"

"Umeshaingia, Mwalimu. Damu hairudi nyuma."

Mwalimu wa Biolojia akafumba macho.

"Na nikilazimisha?"

"Tutakuwa na maiti, Mwalimu. Na atakayeulizwa ni mimi."

Nyuma yangu mtu alibana kicheko. Siku nyingine ningemgeukia nimkonyeze. Leo nilikuwa kazini. Mkono haukuinuka.

Mwalimu Mkuu akautazama mkono, akaitazama michoro ya chaki, akamtazama Tembo aliyekuwa bado amejaza mashavu hewa, akiogopa kuitoa.

"Sasa nitokee wapi?"

"Kwa mapafu, Mwalimu. Ukifika pale, pumua."

Akainama polepole, akavua viatu vyake vya kisigino, akavishika mkononi.

"Haya," akasema, akinyoosha mkono mwingine. "Nani ana karatasi ya buluu?"