Neno Moja, Masikio Matatu

Walimwita Kisiki tangu enzi zake za ulingoni, kwa sababu akishakita miguu chini hapatikani mtu wa kumng'oa. Goti la kulia ndilo lililokuja kumng'oa. Akaacha mieleka, akawa mlinzi wa ghala, kazi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuwafungulia geti watu wanaopita bila hata kumtupia jicho.

Ukocha hakuutafuta. Mpwa wake ndiye aliyemng'ang'ania, msichana mwembamba ambaye kwa kurukaruka kwake nyumba nzima ilimwita Kiroboto. Leo mjomba nifundishe, kesho mjomba nifundishe, mpaka siku moja Kisiki akachoka, akamwonyesha namna ya kukamata kiuno. Jioni ile ile Kiroboto akambwaga kaka yake kwenye uwanja wa kuanikia nguo, pamoja na kamba na mashuka yote. Wiki haikuisha, watoto wa mtaa wakawa wamejipanga mlangoni.

Mahali walipata nyuma ya karakana ya fundi wa makochi. Fundi aliwapa chumba na mabaki ya sponji, mradi binti yake naye afundishwe. Dada yake Kisiki, mama wa Kiroboto, alikuwa fundi cherehani. Akayashonea mabaki yale turubai, ukawa mkeka wa mieleka, ingawa ukianguka vibaya unakutana na mshono.

"Mimi makochi, wewe kocha," fundi alipenda kumtania. "Tofauti yetu ni kwamba mimi wateja wangu wanakaa."

Watu walicheka, na Kisiki alicheka nao, lakini lilimchoma. Wake kweli hawakukaa. Walianza wamejaa chumba kizima, sasa walibaki wachache wa kuwahesabu kwa vidole. Alifundisha kama alivyofundishwa, yaani kwa makelele, na kelele yake kuu ilikuwa neno moja: "Bado!" Mtoto anahema, bado. Mtoto anatafuta maji, bado. Kocha wake wa zamani alimpigia neno hilo hilo hadi siku goti lilipolia ka! kama kuni kavu, na hata wakati ule Kisiki hakupiga mkeka kofi kuomba aachiwe. Alijivunia jambo hilo miaka yote. Wanafunzi wake hakuwahi kuwafundisha kupiga mkeka. Aliona ni kuwafundisha kushindwa.

Jumamosi hiyo binti wa fundi alikuwa amempata Kiroboto vizuri, mkono umekunjwa nyuma ya mgongo. Kisiki akaona kiwiko cha binti kimekaa mahali si pake.

"Bado!"

Binti akakaza.

"Bado, nimesema!"

Akakaza zaidi. Kiroboto, shavu likiwa limebanwa kwenye turubai, akauma meno, kimya. Kisha ikamtoka sauti ndogo, kama ya paka aliyekanyagwa mkia, na Kisiki akajikuta yuko chini kwa magoti yote mawili, lile bovu na lile zima, akiwatenganisha.

Fundi aliwapeleka hospitali kwa gari lake la kubebea makochi, akabaki nje akimpigia simu mama wa Kiroboto. Kiroboto akaingizwa ndani. Kisiki akabaki kwenye benchi la korido, binti wa fundi akilia pembeni yake, mpaka dada yake alipotokea anakimbia, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni na pini zimejaa kifuani.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Wanapiga picha ya bega."

"Umemvunja?"

"Dada..."

"Usinidadie hapa. Umemvunja au hukumvunja?"

"Sijui."

Dada akakaa. Hakumkaribia. "Goti lako tulilia nalo nyumba nzima," akasema taratibu, na hiyo taratibu ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Mama alikuogesha kama kichanga. Leo unataka na mimi nimuogeshe wangu?"

Moyoni Kisiki alishaamua: mfupa ukiwa umevunjika, turubai lile atalichana kwa mikono yake, arudi kwenye kiti chake cha plastiki, na asiguse tena mtoto wa mtu.

Mlango ukafunguliwa. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya usingizi, akawatazama wote watatu kana kwamba anachagua wa kumwambia.

"Mfupa mzima. Msuli umevutika tu. Apumzishe mkono, atapona."

Kisiki akaegemeza kichwa ukutani, machozi yakateremka yenyewe mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta.

"Jikaze kisabuni," dada yake akamwambia, huku yeye mwenyewe anafuta macho kwa ncha ya ule utepe.

Kiroboto akatoka, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, uso umekunjamana. Binti wa fundi akamrukia. "Nisamehe! Kocha alisema bado, nikajua anataka nikaze!"

"Nilimaanisha bado hujapatia!" Kisiki akasema. "Legeza, uanze upya."

Kiroboto akawatazama mmoja mmoja. "Kumbe? Mimi nikajua mjomba ananiambia mimi. Bado nisikubali. Ndiyo maana sikulia."

Neno moja lilikuwa limeingia masikio matatu, na kila sikio likachukua lake.

"Kwa hiyo mtoto alikaribia kung'oka bega," dada akasema, "kwa sababu mtu mzima na ndevu zake hawezi kusema legeza?"

Kiroboto akaanza kucheka, akashika bega, aah, akacheka tena. Kisiki naye kikamponyoka, kicheko kilichochanganyika na kamasi.

"Msicheke. Sijamaliza," dada akasema. "Harudi kule mpaka nijue mwenyewe. Jumamosi nakuja. Utanishika mimi kwanza."

Na kweli akaja, amevaa suruali ya mazoezi ya mwanawe, imembana hata kutembea anatembea kama bata. Fundi akatoka nje ili acheke vizuri. Kisiki akawaketisha watoto, na kwa mara ya kwanza akawaonyesha: ukizidiwa, piga mkeka. Si aibu. Mwenzako akisikia, anaachia hapo hapo.

Kisha akamlaza dada yake, akamshika mkono. Mikono yake, iliyowahi kunyanyua wanaume wa kilo mia, ilimgusa kwa ncha za vidole tu.

"Kunja basi. Unanishika kama yai."

Akakunja kidogo. Dada akagusa turubai kwa kidole, wala halikusikika. Kisiki akamwachia.

"Nimegusa tu."

"Kugusa kunatosha."

"Tena."

Akamshika tena. Safari hii dada alijikausha muda mrefu, makusudi kabisa, na Kisiki akasimamisha mkono pale ulipofika, akamsubiri, wala hakupaza sauti. Kofi likalia kwenye turubai, na mkono ulikuwa umeshaachiwa kabla mwangwi haujaisha.

Dada akalala chali, anahema, anatazama mabati.

"Mama, nirudi lini?" Kiroboto akauliza.

"Muulize daktari," dada akajibu. "Mimi sina neno. Jamani niinueni, suruali imechanika."