Goti la Kushoto

Binti yangu alikuwa amelinganisha yale magari mawili wiki nzima, kwa simu, kwa kalamu na kwa kutuchosha. Jeupe linakula mafuta kidogo, la buluu lina buti kubwa. Jeupe vipuri vyake viko kila kona, la buluu lina mifuko ya hewa mpaka ubavuni. Yeye ni mfamasia, amezoea kupima kila kitu kwa miligramu, na akishaanza kupima hakuna wa kumnyang'anya mizani. Mimi nilikuwa naitikia tu, "Ndiyo mama, kweli mama."

Nilikuwa na kipimo changu, ila hakikuwa cha kusemeka. Nilitaka kujua kama mkono wangu, nikiwa nimekaa kiti cha abiria, utafika kwenye goti la kushoto la mume wangu.

Mume wangu aliendesha gari la wagonjwa mpaka alipostaafu, na mtaani hadi leo wanamwita Ving'ora. Mwaka jana daktari wa macho alituketisha akatuambia kwamba presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia limeanza kufuata. Akamwambia asishike usukani tena. Tulipofika kwenye gari letu, lile kuukuu, yeye akakaa kwenye kiti chake na mimi kwenye changu, maana mazoea yana tabu, akawasha. Njia panda nikaona pikipiki inachomoka kushoto, nikambana goti. Akapunguza mwendo.

Ndivyo ilivyoanza. Kubana na kuachia, punguza. Kubana bila kuachia, simama. Hatukuwahi kukaa chini tukapatana, wala hatukuwahi kulitaja. Tulikwenda hivyo sokoni, tukapeleka hivyo mapazia ninayoshona kwa wateja wangu, na kila tukirudi salama nilijiambia kwamba tukifa tutakufa watu wazima, tumeshakula chumvi. Watu waliotuona walisema, tazama wazee wale, mapenzi hayazeeki. Mapenzi gani! Ilikuwa hofu tupu.

Halafu lile gari likafa injini, nikamshukuru Mungu kimyakimya. Shukrani zangu hazikudumu. Binti yetu akasema atatununulia gari dogo la kuzungukia kila siku, na sisi tumsaidie jambo moja tu: Babu ampeleke mtoto shule asubuhi na kumrudisha mchana. Mtoto mwenyewe, mjukuu wetu wa kike, ana miaka sita. Babu yake humwita mke wangu, nami humwita mke mwenzangu, na tunagombana naye kila siku nani apewe kiti cha karibu na mume.

"Mwambie mwanao," nilimsihi mume wangu.

"Nitamwambia mwenyewe. Usinitangulie."

Kila siku ilikuwa kesho. Nami nikanyamaza, kwa sababu ni mume wangu, na kwa sababu kumwambia Ving'ora asiendeshe ni kumvua nguo mbele ya mtoto wake. Lakini nilijua wanavyosema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kilichoninyima usingizi ni kwamba kifo chenyewe hakichagui wa kuumbua, na safari hii nyuma ya gari kungekuwa na mtoto na begi lake la shule.

Basi siku ile tukafika kwenye yadi ya magari, sote wanne. Muuzaji alikuwa na miwani ya jua juu ya paji la uso na maneno ya asali. Akampa mume wangu ufunguo bila kuuliza, maana mume wangu akisimama karibu na gari utafikiri ndiye aliyelitengeneza. Alilizunguka lile jeupe akiligongagonga kwa kiganja, akainama kusikiliza injini, akasema plagi moja inasuasua. Muuzaji akabaki kinywa wazi. Hayo yote aliyajua kwa masikio.

Nilikaa mbele kushoto, wengine nyuma. Jeupe lilikuwa la gia za mkono, na hapo ndipo nilipoona balaa. Goti la kushoto halikutulia. Kila akibadili gia lilipanda na kushuka na klachi, na mkono wangu ukawa unarushwa nalo kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nikimbana, sijui kama amehisi. Kati yetu kulikuwa na breki ya mkono na kisanduku kipana cha kuwekea chupa, kikanichoma ubavu.

"Nyie wazee," binti yangu akacheka huko nyuma, "hata kwenye kujaribu gari mnashikana? Aibu naona mimi."

"Wivu," babake akamjibu, akakunja kona vizuri kabisa.

Tuliporudi nilisema jeupe silitaki. Kiti kinaniuma mgongo, gari lina harufu ya uvundo, na dirisha langu linapiga kelele. Muuzaji akafungua dirisha, akalifunga. Halikupiga kelele. Ukweli ni kwamba nilitaka yote mawili yashindwe, na lingekuwepo la tatu nalo lingeshindwa.

La buluu lilikuwa la otomatiki. Nilichungulia ndani, nikapima kwa macho kama ninavyopima dirisha la mteja: kati ya viti hakuna kisanduku, shubiri mbili na kidogo, na mguu wa kushoto hauna kazi, umetulia tu. Moyo ukanirudi kifuani. Nikashika mlango wa mbele.

"Mama, safari hii kaa nyuma na mtoto," binti yangu akasema. "Nataka nione hivi vitufe na hii skrini."

"Nyuma natapika."

"Tangu lini?"

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshakaa, anapapasa usukani, anautafuta ukingo wake. "Panda tu," akasema taratibu. "Hatuendi mbali."

Muuzaji alikuwa amepata mteja mwingine, akatuambia tuzunguke barabara ya nyuma, haina magari. Nikapanda. Nilimfunga mtoto mkanda nyuma ya babu yake, mimi nikakaa upande wa kushoto ili nione, kisha nikajisogeza mbele mpaka kidevu changu kikawa katikati ya viti viwili.

"Mama, egemea basi!"

Sikuegemea. Ile barabara ya nyuma ilipita kati ya kuta za maghala, na kila baada ya ghala kulikuwa na uchochoro. Mume wangu alikwenda kwa mwendo wa mtu anayependa gari lake. Binti yangu alikuwa ameinamia skrini, anaibonyeza, anasema redio yake nzuri. Nilinyoosha mkono kupitia pengo lile, goti likawa mbali. Nikagusa kiwiko. Akakipunga kama mtu anayefukuza nzi.

Ndipo ulipotokea mkokoteni. Ulichomoka kwenye uchochoro wa kushoto, umejazwa magodoro mpaka juu, na aliyekuwa akiusukuma hakuonekana nyuma ya mzigo. Nilisubiri, kufumba na kufumbua, mume wangu akanyage breki. Hakukanyaga. Uso wake ulikuwa mbele, umetulia, unasikiliza injini.

"Simama!"

Akasimama papo hapo. Sote tulitupwa kwenye mikanda, nami ambaye sikuwa nimefunga wangu nikagonga kiti cha mbele kwa kifua. Msukumaji akauvuta mkokoteni wake nyuma, akaurudisha uchochoroni huku akitutukana matusi ya nguoni.

"Mmeona breki hizo?" binti yangu akasema, anahema, mkono kifuani. "Lile jeupe lingemzoa yule. Mama, hapa huna la kusema tena. Tunachukua hili."

Nilimgeukia mke mwenzangu. Alikuwa mzima, anacheka, amependa kule kurushwa. Nikaona nywele zake alizosukwa kwa ajili ya shule, na jino lake la mbele lililong'oka, na nikaona kwamba leo tumefaulu. Gari limesifiwa kwa kosa letu. Jumatatu watapanda wawili tu, yeye na babu yake, na hatakuwepo mtu wa kupiga kelele.

"Muulize baba yako," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "ule mkokoteni ulibeba nini."

"Mama, ndiyo maswali gani hayo?"

"Muulize."

"Mimi najua!" Mtoto akainua mkono juu kama yuko darasani. "Babu, mimi najua! Niseme?"

Mume wangu hakugeuka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani, kushoto na kulia, kama alivyowafundisha madereva wadogo. Nilimwogopa. Nilifikiri, sasa atanikana, atasema mama yenu kachanganyikiwa, nami sitakuwa na ushahidi ila goti.

"Waambie, mke wangu," akasema.

"Magodoro!"

"Ehe. Mimi sikuyaona." Akazima injini. "Wala mkokoteni sikuuona. Nimesikia sauti ya bibi yako tu."

Binti yangu alimtazama babake, kisha akanigeukia mimi, kisha akautazama mkono wangu uliobaki umening'inia kati ya viti. Mfamasia yule. Niliona anavyojumlisha: dawa za macho alizozikuta bafuni tukamwambia ni zangu, goti, kicheko chake mwenyewe. Machozi yakamjaa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," babake akasema. "Usimlaumu mama yako. Yeye ndiye anayeendesha. Mimi nimekuwa nikishika usukani tu."

Binti yangu alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango. Mume wangu alitoka akapita mbele ya gari, kiganja kimelalia boneti, mpaka upande wa pili. Akakaa. Akapeleka mkono bega la kulia kuvuta mkanda, kama alivyofanya maisha yake yote. Mkanda haukuwepo. Akapapasa, akapapasa tena, na mimi huku nyuma roho ikanikatika, kwa sababu katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amekaa upande ule.

Nikauvuta mkanda kutoka kushoto kwake, nikamtia mkononi. Akaubana pamoja na vidole vyangu, hakuviachia.

"Babu," mtoto akasema, "hapo ni pa Bibi."

"Najua, mke wangu. Bibi yako anahamia kwenye usukani."

Binti yangu akawasha gari. Nikabaki nimeinama vilevile, vidole vyangu mkononi mwake. Mimi, ambaye hata baiskeli sijawahi kuendesha.