Ruhusa ya Shemeji

Mama Pasi alikuwa amefika kwenye kola ya shati la saba pale mkwewe alipoacha kukanyaga cherehani. Cherehani ilinyamaza tu, na kwa wanawake wawili walioshinda baraza moja kwa miaka minne, mmoja akishona na mwenzake akipiga pasi, kimya kile kilitosha kumfanya mwenye pasi ainue kichwa.

"Mama," mkwewe akaita, ameshaingia ndani, "hebu njoo."

Mkwe huyu mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake, na wenye kijicho waliongeza kwamba hata ulimi wake unachoma. Mimba ya miezi tisa haikumnenepesha hata kidogo. Tumbo lilikaa mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuushika mara moja. Mama Pasi alimkuta amesimama katikati ya chumba, khanga imelowa mpaka magotini.

"Chupa imepasuka," Sindano alisema. "Lakini tazama rangi."

Mama Pasi akainama. Maji yalikuwa ya kijani, kama maji yaliyochemshiwa mboga.

"Nesi wa kliniki alisema nikiona hivi nisikae nyumbani hata kidogo. Mtoto amejisaidia humo ndani. Akiyavuta yanamwingia kifuani."

"Uchungu umeanza lini?"

"Alfajiri. Kidogo kidogo."

"Alfajiri! Na ukakaa kimya?"

"Nilitaka nimalize yale mashati, Mama. Shule wanafungua Jumatatu."

Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mama Pasi alikuwa na hakika aliyesema maneno hayo alikuwa mwanamume. Alimkalisha Sindano kitandani, akachukua simu na kumpigia mwanawe, mume wa Sindano, dereva wa lori aliyekuwa safarini siku ya tisa. Sauti ya yule mwanamke wa simu ikamwambia mteja hapatikani. Akapiga mara nne, kama vile mwanamke yule akibembelezwa angebadili kauli.

Kabla ya kuondoka mwanawe alisema, "Likitokea lolote, baba mkubwa yupo." Baba mkubwa huyo ni Mzee Mbao, kaka wa marehemu mume wake, mwenye duka la mbao barabara ya pili. Tangu mdogo wake afariki, nyumbani kwa Mama Pasi hakikuvutwa hata kigoda bila yeye kuulizwa. Ile cherehani yenyewe aliichagua yeye, ingawa hajawahi kutunga uzi maishani mwake.

Mama Pasi akampigia. Nyuma ya sauti ya shemeji yake msumeno ulikuwa ukilia.

"Shemeji, chupa ya mtoto imepasuka."

"Heri. Mwite bibi mkunga."

"Maji ni ya kijani, shemeji. Nesi alisema..."

"Nesi, nesi! Wewe umezaa watoto sita, nesi alikuwepo? Mkimfikisha huko watampasua tu. Mwenye mke arudi amkute ameshonwa kama gunia, mimi nitamjibu nini? Tulieni hapo. Nikimaliza na wateja nitapita."

"Utapita saa ngapi?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Basi akaitwa bibi mkunga, jirani wa nyumba ya tatu, kikongwe aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule na aliyependa kuwakumbusha wakishakuwa na ndevu. Siku hiyo hakutania mtu. Aliitazama khanga, akaweka kiganja juu ya tumbo la Sindano, akangoja uchungu upande na kushuka. Kisha akanyanyuka, akaomba maji ya kunawa.

"Mimi huyu simgusi," alisema. "Nilishawahi kugusa wa namna hii. Mpelekeni."

"Shemeji amesema tumsubiri, Bibi."

Bibi akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Tumbo halisubiri mtu, binti yangu. Wewe unajua."

Alijua. Miaka ishirini na minane nyuma, akiwa na mimba yake ya nne, alilala kwenye chumba hiki hiki siku mbili, mumewe yuko kazini mbali na Mzee Mbao, wakati ule bado kijana, yuko mlangoni akisema tumsubiri mwenye mke. Mtoto alipotoka alikuwa mzuri ajabu, nywele tele, na hakulia. Waliambiwa ni mipango ya Mungu. Yeye akaitikia, akafunga maziwa yake kwa kitambaa, na baada ya arobaini akarudi kwenye pasi. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na la kusema, na miaka ilivyokwenda hata yeye akaacha kujiuliza.

Sindano akaguna, akashika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikabadilika rangi. "Mama, hachezi. Tangu tuingie humu hajacheza."

Mama Pasi alimwogopa shemeji yake, na tusimsingizie ujasiri ambao hakuwa nao. Aliogopa kuitwa mtu asiyeambilika, aliogopa hospitali, na zaidi ya yote aliogopa kwamba wakienda na mambo yakaharibika, wa kulaumiwa atakuwa yeye peke yake. Heri lawama kuliko kilio, akajiambia. Akatoka barazani bila viatu.

Gari la mikate lilikuwa dukani mkabala, dereva wake akishusha trei za mwisho. Alipoelezwa, alikuna kichwa.

"Mzee Mbao anajua, Mama? Maana nyumba ninayokaa ni yake."

"Mzee Mbao hazai. Fungua mlango."

Wakampandisha Sindano nyuma, akalala juu ya magunia matupu katikati ya trei, harufu ya mikate ikimtapisha. Kila shimo la barabara lilimtoa ukelele. Mama Pasi alimshika kiuno, akawa anamwambia tumefika, tumefika, na walikuwa hawajafika hata nusu.

Hospitalini nesi wa zamu aliweka kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo, akatulia, akakihamisha, akatulia tena. Uso wake ukakazana.

"Mapigo ya mtoto yanashuka. Anaingia upasuaji sasa hivi. Nani msemaji wa mgonjwa?"

Mama Pasi akageuka kutazama nyuma, kama ilivyo desturi yake, kumtafuta mwanamume. Nyuma kulikuwa na ukuta na tangazo la kunawa mikono.

"Mumewe yuko safarini," alisema. "Baba mkubwa atakuja, labda..."

"Mama, huyu ana umri wake na akili zake. Saini ni yake mwenyewe." Nesi akamwekea Sindano karatasi na kalamu.

Sindano, mwenye ulimi wa kuchoma, alimwangalia mama mkwe wake kama mtoto anayeomba kutoka nje ya darasa.

"Usiniangalie mimi, mwanangu," Mama Pasi alisema. "Ukitaka, tia."

Akatia. Uchungu ulimkuta katikati ya jina, herufi za mwisho zikateremka mpaka chini ya karatasi. Wakamsukuma, milango ikafungwa.

Mama Pasi alibaki kwenye benchi na khanga iliyolowa mapajani, mikono ikiinyoosha mikunjo yenyewe bila kutumwa. Hakuwa ameimaliza pale Mzee Mbao alipoingia, unga wa mbao umemjaa kwenye nyusi.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, shemeji. Tumekuja bila ruhusa."

"Akifa mmoja wao, damu iko juu yako. Unanisikia?"

Neno hilo alikuwa ameshajiambia mwenyewe mara mia. Akasimama. "Nakusikia. Na yule wa kwangu, shemeji, damu yake ilikuwa juu ya nani?"

Watu kwenye benchi wakawa wanatazama sakafu. Mzee Mbao akatoka nje, akakaa kwenye ngazi akiwapa mgongo.

Nesi alipotokea hakutabasamu. "Ni msichana. Mama yake salama. Mtoto alivuta yale maji, tumeyanyonya tuliyoweza. Anapumua kwa msaada wa mashine. Siku mbili hizi ndizo za kuamua."

"Tungechelewa?" Mama Pasi aliuliza.

"Msiulize hivyo," nesi akasema. "Mmefika."

Siku mbili zile Mama Pasi hakwenda nyumbani. Kila mlango ulipofunguka alinyanyuka, kila nesi aliyepita haraka alimwona amebeba habari mbaya. Mwanawe alifika siku ya pili mchana, vumbi la safari mpaka kwenye kope, akasimama pembeni ya kitanda cha mkewe.

"Kwa hiyo mliamua bila mimi."

"Ulikuwa hupatikani," Sindano alisema, amejishika mshono. "Ungepatikana, tungekuambia tunakwenda."

"Mngeniambia? Si mngeniuliza?"

"Tungekuambia."

Mume akamgeukia mama yake, akingoja, kama alivyozoea, amtulizie mkewe. Mama Pasi akamwekea mkwewe mto mgongoni. Mwanawe akaelewa kwamba hilo nalo ni jibu. Akavuta kiti, akakaa, akafunika uso kwa mikono miwili.

Wakati huo nesi akachungulia. "Wazazi wa yule mdogo? Tumemtoa mashine, anapumua mwenyewe. Bado tunamwangalia, lakini mama akiweza kukaa, aje amjaribu ziwa."

Wakatoka pamoja, Sindano ameegemea bega la mumewe, hatua fupi fupi. Mama Pasi alitaka kuwafuata. Akaishia koridoni. Akajishikilia ukutani, akateremka taratibu mpaka sakafuni, akakaa hapo, akitega sikio kwenye ule mlango wa mwisho wa korido, asikie kama mtoto huyu analia.