Biskuti za Kumuaga Afande

Jumamosi saa tatu asubuhi Mama Biskuti alikuwa akipaka mtindi kwenye biskuti za mbwa, trei ya pili, na mumewe alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri asogee ili afungue kabati la vikombe. Alikuwa amesimama pale kitambo. Mama Biskuti alimgundua alipogeuka kuchukua kijiko, akammwagia mtindi kwenye shati. Hakushtuka, alishazoea kumkuta hivyo. Alimpa kitambaa, naye akajifuta, akachukua kikombe chake akaenda zake barazani, na sakafu haikutoa mlio wowote.

Nyayo zake zilikuwa zimebaki kazini tangu mwezi wa tatu.

Watu wa mtaani walimwita Doria. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mlinzi katika ghala la vifaa vya ujenzi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, akizunguka ukuta na mbwa aitwaye Afande. Utaratibu wa pale ulikuwa mwepesi. Mtu wa getini hakutoka nje kuangalia kama mlinzi anazunguka. Alikaa kibandani kwake, akasikia buti zikipita nyuma ya ukuta, akafungua daftari na kuandika: doria imepita.

Siku aliyoachishwa kazi, Doria alikuwa ameshafika getini na chakula chake mkononi. Meneja alishusha kioo cha gari akamwambia kwamba kuanzia leo asije tena, barua itafuata. Barua haikufuata. Buti zilikuwa mali ya kampuni, kwa hiyo alizivua palepale, akarudi nyumbani na kandambili alizoazimwa na mtu wa getini. Dada yake, anayeishi nao, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kudeki. Alimwona kaka yake akipita kwenye sakafu mbichi kutoka mlangoni mpaka jikoni, na sakafu ikabaki vilevile, haina alama hata moja.

"Wifi," alimwambia Mama Biskuti, "sasa umeolewa na paka."

Kesho yake walikwenda kuulizia. Mtu wa getini aliwaambia ndiyo, zipo, ziliingia saa kumi na mbili kamili kama kawaida, zimezunguka na Afande mpaka asubuhi na sasa zimelala naye bandani. Meneja naye hakukana. Aliwafungulia daftari wajionee wenyewe. Alisema yeye amemwachisha kazi mtu, nyayo hakuziajiri wala hakuziachisha, kwa hiyo hana mamlaka nazo. Tena kwa kuwa doria inapita, kampuni haikuona haja ya kutafuta mlinzi mwingine. Doria akaulizia barua yake. Karani, msichana mpole, alimweleza kwamba hawezi kuandika barua ya kuachishwa kazi kwa mtu ambaye daftari linaonyesha yuko kazini.

Kuishi bila nyayo kunawezekana, ila kunachosha. Doria alikwenda ofisi nne kuomba kazi, akasimama mbele ya meza nne, na kila mahali walinyanyua macho wakati yeye ameshakata tamaa na kuondoka. Dukani alihudumiwa wa mwisho. Kinyozi alimfungia ndani akaenda kula. Taratibu akaanza kupunguza kutoka, kisha akaanza kupunguza kusimama, na ilipofika mwezi wa sita alikuwa mtu wa kukaa barazani tu na kikombe.

Hilo ndilo lililomuuma Mama Biskuti. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kutega saa ya kumwamsha. Alikuwa akisikia buti za mumewe zikikata kona ya fundi viatu alfajiri, akaamka, akabandika chai. Sasa aliamka mwenyewe saa ileile, akalala macho wazi, na mume yuko ubavuni pake, na bado alikuwa akimsubiri. Alimkumbuka mtu ambaye hajaondoka, na hakuona aibu kulisema hilo.

Biashara yenyewe ya biskuti ilianzia kwa Afande. Alianza kumwokea kidogokidogo, mumewe akimpelekea mfukoni, kisha watu wenye mbwa wakasikia. Wifi yake alicheka sana mwanzoni, kwamba mbwa wa siku hizi wanafanyiwa sherehe kuliko watu, halafu akafunga kilemba akaanza kukuna karoti. Mama Biskuti hakuwa na mzaha na mapambo. Chokoleti haikuingia jikoni mwake, wala zabibu kavu, wala sukari. Siagi ya karanga aliisaga mwenyewe, maana zile za dukani nyingine zimetiwa sukari bandia, na sukari bandia inaweza kumuua mbwa. Weupe aliupata kwenye mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa, wekundu kwenye maji ya bitiruti, na juu alinyunyiza maini yaliyokaushwa yakasagwa. Mbwa anakula pambo kwanza, alisema, kwa hiyo pambo ndilo lisiwe na uongo.

Jumatatu yule karani alikuja kuagiza. Afande anastaafu. Ijumaa saa tisa alasiri kutakuwa na hafla uwanjani pale ghalani, na kampuni inataka biskuti sitini, nyeupe, za kupendeza. Baada ya hafla mbwa atapakiwa kwenye gari apelekwe shambani kwa shemeji wa meneja, mwendo wa siku nzima. Karani alikuwa na barua ya shukrani ya Afande kwenye faili, imeshapigwa muhuri. Mama Biskuti aliomba kuiona. Ilikuwa na aya mbili. Ilitaja uaminifu, kujitolea na kutochelewa. Aliisoma mara mbili, akairudisha, akasema biskuti zitakuwa tayari.

Jioni ile aliwaambia wenzake jinsi mambo yalivyo. Nyayo zinamfuata mbwa. Mbwa akienda shambani, nyayo zitakwenda shambani, na huko hakuna wa kuzidai. Ijumaa ndiyo siku pekee.

"Ijumaa nazirudisha nyumbani," alisema.

Doria alinyanyua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Usiweke nazi," alisema. "Nazi inampigisha chafya."

Halafu akaendelea kuongea, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwezi wa tatu. Alisema Afande anapenda karoti kuliko nyama, ila akikoleziwa maini kidogo anaweza kumfuata mtu mpaka mwisho wa dunia. Alisema kwa miaka yote ile karoti ilikaa mfuko wa kushoto, na mbwa alitembea kushoto. Mama Biskuti aliyaandika yote nyuma ya karatasi ya oda.

Mpango wake ulikuwa kupamba kila biskuti kwa alama ya buti la mumewe. Buti zenyewe zilikuwa kwa kampuni, lakini yeye alikuwa ameziosha kwa miaka kumi na mmoja na hakuhitaji kuziona. Mistari mitano ya kukingama, kisigino chenye nyota, na kwenye buti la kushoto nyota imepungua pembe moja ya upande wa nje, tangu siku alipokanyaga msumari. Alikata unga kwa umbo la wayo, akaoka, akajaza mtindi kwenye mfuko uliotobolewa ncha, akachora mistari. Katikati ya mistari akapanga karoti iliyokunwa laini. Nyota aliichora kwa siagi ya karanga. Alifanya hivyo Jumanne nzima, biskuti tisini.

Jumatano asubuhi Doria alisimama mbele ya trei akainama.

"Umechora buti," alisema. "Buti likikanyaga, alama chini inageuka. Pembe iliyopungua inakuja upande wa pili."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amezoea kuzitazama soli zikiwa juu, kwenye beseni, zimemwelekea yeye. Wifi yake alisema mbwa hatajua tofauti. Mama Biskuti alisema mbwa huenda asijue, ila nyayo zitajua. Zile tisini zikagawiwa kwa mbwa wa mtaa mzima, na yeye akakanda unga upya. Alikanda hadi mabega yakamfa ganzi, na safari hii hakuishia tisini. Alioka mia tatu.

Ijumaa walifika saa nane na nusu, yeye, wifi yake na vikapu vitatu. Doria alibaki nyumbani, kwa kuwa hakualikwa. Uwanjani kulikuwa na viti vya plastiki, walinzi watano waliobaki na mbwa wao, na Afande ameketi mezani kwenye kitambaa cheupe, amechanwa manyoya, amevaa medali. Mvi zilikuwa zimemjaa mdomoni. Meneja alisoma barua yote, na alipofika kwenye kutochelewa sauti yake ilitetemeka kidogo.

Kisha Mama Biskuti aliitwa na biskuti zake. Badala ya kuziweka kwenye sahani, alimtelemsha Afande mezani, akaanza kuzipanga chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutoka pale mezani kuelekea getini. Meneja alidhani ni sehemu ya mapambo akapiga makofi, na wageni wakamfuata. Afande alinusa ya kwanza. Alilamba mtindi, akaokota karoti moja moja, akatafuna, akasogea kwenye ya pili. Nyuma yake, bandani, nyayo ziliamka. Zilisikika zikikanyaga changarawe, nzito, za mtu aliyevaa buti zilizokazwa kamba, zikaja mpaka zikamfikia mbwa upande wake wa kulia. Wageni walivuta viti ili zipite.

Getini gari la shemeji lilikuwa linasubiri. Dereva alikuwa anakula. Hakuna aliyemzuia Afande, kwa kuwa alikuwa ameshastaafu. Mtu wa getini alisikia nyayo zikipita, akafungua daftari, akaangalia saa, akaona si muda wake, akalifunga.

Barabarani wifi mtu alitangulia na kikapu, akiinama na kuweka, kushoto, kulia, akilalamikia kiuno chake na kumlaani kaka yake kwa kuwa na hatua fupi. Biskuti ziliisha kwenye kona ya fundi viatu. Afande alisimama, na nyayo zikasimama. Mama Biskuti alitoa karoti nzima kwenye mfuko wa kushoto wa aproni, akaishika chini, akatembea. Zikakata kona. Alikuwa anazisikia nyuma yake jinsi alivyozisikia alfajiri zote zile, na alilia akitembea, bila kupunguza mwendo.

Doria alikuwa barazani. Alipoona mbwa aliweka kikombe chini. Nyayo zilipanda ngazi mbili, zikamfikia, zikakaa. Alisimama, akatembea kutoka barazani hadi jikoni na kurudi, na nyumba nzima ikamsikia. Dada yake alimwaga ndoo ya maji sakafuni makusudi, akamwamuru apite. Alipita. Alama zilikuwa za buti, ingawa alikuwa amevaa kandambili, na nyota ya kushoto ilikuwa na pembe nne. Walikaa mezani wakanywa chai wote watatu, mbwa chini ya meza, wakicheka kwa mambo yasiyochekesha.

Saa kumi na mbili kamili nyayo zilinyanyuka. Doria alikuwa ameketi, hakusogea. Zilitoka mezani, zikapita kwenye maji, zikashuka ngazi mbili na kushika njia ya ghalani. Afande alinyanyua kichwa, akasikiliza, akakilaza tena. Yeye alikuwa na barua.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Jioni zinakwenda, asubuhi zinarudi na matope ya watu, na Mama Biskuti anayadeki. Meneja alituma ujumbe kwamba mbwa anaweza kubaki, shemeji hajakasirika, na kwa kuwa imeonekana doria inapita vizuri hata bila mbwa, kampuni haitanunua mwingine. Mchana Doria anatembea kama watu. Alirudi kwenye zile ofisi nne, na safari hii walimsikia tangu kwenye korido. Wote walimwomba barua ya mwajiri wake wa zamani. Kila mwanzo wa mwezi Mama Biskuti anamfuata karani kuiulizia, karani anafungua daftari, na daftari linasema doria imepita.

Jumanne iliyopita, alipokuwa anachuja mtindi, wanawake watano waligonga mlango. Ni wake za wale walinzi watano waliobaki ghalani. Kila mmoja alikuwa na jozi ya buti iliyofungwa kwenye gazeti. Walisema waume zao wamelala, buti zinatakiwa kabla ya saa kumi na mbili, na hakuna aliyeambiwa lolote bado, ila juzi meneja amekuja kibandani getini akakaa saa nzima, akisikiliza buti zikipita. Mama Biskuti aliwakaribisha, akafuta meza. Alichukua buti la kwanza, akaligeuza soli juu karibu na dirisha, akavuta karatasi na kalamu.

"Huyu wako," aliuliza, "anaanza na mguu gani?"